Mama Hakumwona Mwende Pichani

Mwanangu, kuna siku moja hunirudia kila unaponitumia michoro yako ya kompyuta. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba Mlolongo karibu na machimbo ya mawe, nikibuni mabango ya maduka. Siku za mapumziko zote ziliishia kwenye mchoro mmoja. Nilikuwa namchora dada yangu Mwende akivuka nchi ya majitu ya hadithi. Alitutoka akiwa na miaka tisa, hajapigwa picha hata moja, na mchoro huo ulikuwa wa kumpa mama.

Usinicheke, lakini upweke ulikuwa umenikaba. Jirani nilimjua kwa kikohozi chake tu. Kila nilipoona mahali patupu mchorini niliogopa, nikapajaza: jitu lingine, mwamba, nyoka mwenye magamba ya kuhesabika. Milima ya mbali niliipaka rangi kali sawa na majani ya miguuni pa Mwende. Nikajiona fundi hasa.

Mama akaja kutoka kwetu Masinga. Nikamketisha mbele ya kompyuta, nikamwambia Mwende yumo humo. Aliinama, akapitisha kidole kwenye kioo polepole, kona hadi kona. Akagusa jitu moja, akaniangalia.

"Mutua," akasema, "umeweka watu wengi hapa. Mtoto wangu ako wapi?"

Baada ya chai akaniuliza kama nimesahau kwetu. Alisema asubuhi akipeleka mbuzi kando ya bwawa, wa karibu anaonekana mpaka ndevu, wa kule mbele ni kivuli tu, na vilima huwa kama moshi. Mama hakuwa amewahi kushika brashi maishani mwake. Niliona aibu, na kwa kuwa nilikuwa kijana, aibu ikageuka hasira. Nikanuna hadi alipoondoka.

Ilinichukua wiki mbili kukubali. Nikafuta majitu yote nikabakiza moja, nikalififisha likawa kivuli cha nyuma. Vilima nikavipauza vikakaribia rangi ya majivu. Mwanga nikauweka usoni pa Mwende na kwenye mkono wake ulioshika kibuyu. Kwingine niliacha ukungu mtupu, na kuuacha hivyo kulinitesa kuliko kuchora.

Mama aliporudi, hakutafuta.

"Ako peke yake," akasema. Nikanyoosha mkono kuzima mashine, akanizuia. "Wacha. Nikae na yeye kidogo."

Nikatoka nikasimama mlangoni. Nilimsikia akimuuliza Mwende, kwa Kikamba, kama amekula.

Sasa, mwanangu, mchoro wako wa jana una malkia, joka na jiji zima, na vyote vinanipigia kelele kwa pamoja. Chagua mmoja ambaye ni lazima tumpate. Mpe mwanga, mpe mistari iliyo wazi. Vya mbali vipauze, vya nyuma vififishe, na vingine vifute hata kama umevihangaikia wiki nzima. Na ukiogopa mahali patupu, jiulize unaogopa nini hasa. Mimi nilikuwa naogopa chumba changu, nikaja nikamziba dada yangu kwa woga huo.

Mungu akutulizie jicho na mkono, akupe moyo wa kufuta, na akuletee mtu wa kukuambia ukweli, umsikie angali hai.