Mkasi wa Makambako

"Mimi nitazikwa na meno yangu yote thelathini na mbili, na anayebisha aje kaburini na tochi ahesabu."

Maneno hayo Rehani aliyasema akiwa amesimama juu ya rundo la magunia ya mahindi, sokoni Makambako, siku watu wa afya walipokuja na kipaza sauti kuhubiri habari za mswaki. Soko zima lilimsikia. Dada mmoja mwenye sare nyeupe, aliyeshika taya la plasta la kufundishia, alimwangalia kutoka chini akasema, "Sawa baba, Mungu akujalie na betri za hiyo tochi." Watu wakacheka. Rehani, kuonyesha kwamba yeye si mtu wa mzaha, akainama akang'ata uzi wa katani, ukakatika kama umepitiwa na mkasi.

Na Mkasi ndilo lilikuwa jina lake. Ukiuliza Rehani pale sokoni ungezungushwa mpaka ujute. Ukiuliza Mkasi, hata mbuzi wangekuonyesha njia. Kazi yake ilikuwa kushona midomo ya magunia. Enzi za ushirika alishona akiwa ameketi kwenye kiti, shazia, ile sindano nene ya magunia, mkononi, na kisu cha ofisi kimefungwa kwenye mguu wa meza kisiibwe. Ushirika ukafa, kisu kikaondoka na meza yake. Wakaja wafanyabiashara binafsi na malori yao, wakaja na lumbesa, gunia lililoshindiliwa mpaka limeota kichwa, na lote lishonwe kabla dereva hajachoka kupiga honi. Nani angekuwa na muda wa kutafuta kisu? Rehani alipiga mshono, akang'ata, akahamia gunia lingine. Alizaliwa shamba la mkonge kule Korogwe. Yeye na katani walijuana tangu hajaota hayo meno.

Soko huria lilipokolea, likaleta kamba za nailoni.

Katani ukiiuma inakubali yaishe. Nailoni haina adabu. Inanyumbuka, inateleza, inakwenda kujibanza kwenye jino kama mpangaji asiyetaka kuhama. Washonaji wenzake walinunua nyembe. Rehani hakununua. Mkasi aonekane dukani ananunua wembe? Angewaambia nini watu? Akaendelea kuuma, mpaka gego la chini, upande wa kushoto, likapasuka. Lilipopasuka alisikia mlio ndani ya kichwa chake mwenyewe, akatazama huku na huku kuona kama kuna mwingine aliyeusikia. Hapakuwa na mtu.

Baridi ya Makambako haina huruma na jino lenye ufa. Ukifungua mdomo tu kusalimia, upepo unaingia na kuketi mle ndani. Rehani aliweka karafuu. Aliweka tumbaku. Alisukutua kwa maji ya chumvi, chumbani kwake nyuma ya gereji, akitema kwenye kopo lililokuwa zamani la kuwekea vijiko vya Rukaya. Rukaya, mkewe, alirudi Korogwe kumzika mama yake mwaka ule ushirika ulipokufa. Akakuta kwao bado kuna joto, akakaa. Alivichukua vijiko, kopo akaliacha.

Filemoni, fundi baiskeli, ndiye pekee aliyeambiwa. Akafungua boksi lake la vifaa kwa ukarimu wote.

"Mkasi, jino ni kama spoku tu. Likipinda unavuta. Kaa hapo kwenye tairi."

"Hilo koleo ulishikia nini jana?"

"Mnyororo. Lakini nililifuta."

"Basi lifute tena, ulirudishe lilikotoka."

"Nenda Njombe basi kwa wazungu wa dawa. Au unaogopa?"

Rehani aliogopa, tena sana, ila si maumivu, maana hayo alikuwa nayo tayari. Kule shambani, utotoni, alimwona baba yake aking'olewa jino barazani kwa dresa, mfunga vidonda wa kampuni, bila ganzi, wanaume wanne wamemkalia mikono na miguu. Baba yake, mtu aliyekuwa akikata mkonge kuliko wote kwenye safu yake, alilia akiita jina la marehemu bibi. Baada ya hapo hakumtazama Rehani machoni kwa muda mrefu. Kilichobaki kwa Rehani si ule ukelele. Ni ile namna mtu mzima anavyoweza kukaliwa na watu wakimwangalia.

Uvimbe ukaja, ukafunga taya. Siku hiyo Rehani alishinda sokoni bila kutamka neno, akikata kamba kwa meno ya upande wa kulia, mate yakimdondoka. Manase, kijana mshonaji wa safu ya pili, alitania, "Leo Mkasi umeshika kutu," na watu wakacheka wakaendelea na mizani yao. Hakuna aliyeuliza zaidi. Jioni, akitembea kurudi chumbani, Rehani alipiga hesabu moja isiyohitaji shule: kama jino hili lingemuua usiku, watu wangejua tu magunia yakibaki wazi bila kushonwa. Nao wangemwita Manase.

Asubuhi akamwendea Fahadi, dereva wa lori la mbao, aliyekuwa anapanda Njombe.

"Nipeleke, Fahadi. Na ukimaliza mambo yako, ukae nami kidogo pale hospitali. Unisindikize tu."

"Kaka, unakwenda kung'oa jino au kuoa?" Fahadi alicheka, kisha akaliona lile shavu. "Nitakufikisha. Kukaa siwezi, napakia mbao Matembwe."

Akamshusha kwenye zahanati ya masista, nje kidogo ya mji, akaondoka akipunga mkono dirishani.

Benchi la kusubiri lilijaa, lakini wagonjwa walikuwa wachache. Kila jino moja lilikuja na ukoo wake: huyu amebeba chupa ya uji, yule blanketi, mwingine amekuja kumwambia mgonjwa asiogope huku yeye mwenyewe anatetemeka. Bibi mmoja wa Kibena, Paskalina, aliyekaa katikati ya binti zake wawili kama mzigo wa thamani, alimsogelea.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama," alijibu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Watu wako wako wapi?"

"Wamekwenda kunywa chai."

"Wamekuacha na shavu hilo wakaenda kunywa chai?"

"Walikuwa na njaa," alisema Rehani.

Bibi akatazama mlango wa nje, kana kwamba wangeingia wakati wowote, akamwekea sehemu ya blanketi lake magotini.

Alipoitwa ndani, Rehani akamkuta yule dada wa taya la plasta. Jina lake, Telesia, lilishonwa kifuani kwa uzi mwekundu. Alimwangalia kinywani, akagonga gego kwa kijichuma, akasema jino limepasuka mpaka kwenye mzizi na usaha umekusanyika, lazima litoke. Rehani akatazama kiti, akatazama mlango. Ulikuwa wazi.

"Watakaonishika wako wapi?"

"Hakuna anayeshikwa hapa, baba. Unachomwa ganzi, unakaa mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ukitaka kuondoka, mlango ule. Ila hilo jino utaondoka nalo."

Alikuwa amejiandaa miaka yote kwa wanaume wanne. Hakujiandaa kwa kukosa hata mmoja. Akaketi. Akashika mikono ya kiti yeye mwenyewe, kwa nguvu zile za kufungia lumbesa, akafumba macho, akafungua mdomo.

"Yatabaki mangapi?" aliuliza ganzi ilipoanza kuulevya ulimi.

"Thelathini na moja," Telesia alisema, akichukua koleo. "Betri nitatoa mimi."

Alisikia kuvutwa tu, kama mtu anayeng'oa nguzo kwenye shamba la jirani. Hakulia. Na hapakuwa na mtu wake wa kuona kwamba hakulia.

Alipotoka, pamba mdomoni na gego kwenye karatasi, Paskalina na binti zake walikuwa wameshaondoka. Juu ya benchi kulikuwa na kikombe cha uji kimefunikwa kwa kisahani. Mfagiaji akamwambia, "Bibi amesema ni wa kwako na watu wako." Uji ulikuwa umepoa. Alisubiri mpaka midomo ikarudi kuwa yake, akaunywa wote.

Makambako hakuna aliyeuliza alikuwa wapi. Kesho yake shavu lilikuwa limeanza kushuka, na lori la Dar lilikuwa likipiga honi. Rehani alipiga mshono wa kwanza, akainama juu ya kamba kama kawaida, mdomo wazi. Ulimi ukagusa lile pengo. Kisha akachomeka shazia kwenye gunia, akavuka barabara mchana kweupe mpaka dukani kwa Hassani.

Wembe mmoja ulikuwa shilingi ishirini.