Jina Kwenye Bilauri

Mume wangu Aroni hashangai kitu. Nimeishi naye hapa Igawa tangu tulipohama kutoka Rungwe, na nimechoka na uso wake wa mtu aliyekwisha kuona yote. Lori likipinduka barabarani, yeye anauliza tu kama vioo vimepona. Kazi yake ni kuchora namba za magari kwenye vioo vya pembeni na vya madirisha, ili mwizi akivichomoa ashindwe kuviuza. Ana kimashine cha umeme chenye ncha, kinalia kama nyigu aliyefungiwa ndani ya chupa, na ana mwandiko ambao hata mimi, niliyemzoea, naukubali. Majivuno nayo anayo, tena ya kutosha. Akimaliza kioo anakipuliza vumbi, anarudi nyuma, kisha anajitazama humo ndani mpaka mwenye gari apige honi.

Kiangazi hiki alikuja mama mmoja kutoka Iringa, Apolonia jina lake, mtu wa umri wa mama yangu. Alishuka kwenye basi amekumbatia kikapu kifuani. Mpwa wake ana gari lililochorwa na Aroni, na mama alikuwa ameupenda ule mwandiko. Tulimwamkia, akaketi, akafungua khanga ya kwanza, akafungua ya pili, halafu sweta. Ikatoka bilauri.

Niseme ukweli, nilisahau wali jikoni ukaungua. Bilauri ile ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukingo wake ulizungushiwa dhahabu, iliyofifia pale midomo ya watu ilipozoea kugusa. Chini ya dhahabu mbwa walimfukuza swala katikati ya majani, wote wamechorwa kwa mikwaruzo midogo midogo, na mbwa mmoja ulimi uko nje. Aroni alipoiinua juani, vivuli vya wale mbwa vilianguka kwenye kiganja chake. Nilitaka kuigusa, nikaogopa.

"Nataka uniandikie jina langu hapo," alisema Apolonia.

Akatueleza. Alimpikia mkulima mmoja mzee wa Kiitaliano, Renzo, mpaka mzee alipofariki. Bilauri alimpa kwa mkono wake mwenyewe, wakiwa wawili tu. Sasa shemeji yake Apolonia, Kasian, anasema ameiiba, na amemshtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Kesho anatakiwa afike nayo.

"Mwenyekiti kaniuliza, jina lako liko wapi? Maana sufuria zangu zote zina jina, baba. Tukiazimana msibani zinarudi. Hii tu ndiyo haina."

Aroni alikuwa anaizungusha taratibu. Akakunja uso.

"Lakini mama, hii imeshasajiliwa. Namba si hii hapa? G S 1586. Ya zamani sana, haianzi hata na T kama za magari ya sasa."

Mimi nilicheka. Apolonia hakucheka.

"Kwa hiyo ina mwenyewe?" aliuliza, na sauti yake ilinikata kicheko. Kisha akashika kichwa. "Ngoja. Mzee aliniambia. G na S ni watu waliooana. Hiyo ni mwaka wa harusi yao."

"Mwaka upi?"

"Huohuo unaousoma."

Aroni akasoma tena, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akavua kofia yake, ile anayolala nayo. Apolonia akaendelea kutusimulia aliyoyasikia kwa mzee: kwamba uko mji unaitwa Venisi, umejengwa juu ya maji, na mafundi wake wa vioo walikatazwa kuhama wasije wakatoka na siri ya kazi. Wengine walitoroka, wakaenda kufanya kazi nchi za watu. Bilauri hii ilitoka mikononi mwa hao.

"Umeme hawakuwa nao," alisema Aroni. "Ni mkono mtupu. Angalia ulimi wa huyu mbwa, Tumpe. Angeteleza mara moja tu, basi." Macho yalikuwa yamemlengalenga, na mimi nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

"Utaandika?" aliuliza Apolonia.

"Mashine itaipasua. Na jina halizuii maneno ya watu, mama. Hawa G na S waliandikwa, mbona glasi imefika Igawa?"

"Najua. Andika tu. Na mimi nataka niwepo hapo."

Aroni akaenda kwa Yotamu, fundi wa madirisha, akaazima almasi ya kukatia vioo. Alinawa mikono kwa sabuni, akaanza chini kwenye kitako, herufi ndogo ndogo, bila kupumua. Kwenye herufi ya pili kitu kililia, tik, nikafumba macho nikimwomba Mungu. Nilipofumbua, bilauri ilikuwa nzima. Alipomaliza aliifuta kwa khanga, akampa mwenyewe kwa mikono miwili.

Apolonia alilipapasa jina lake kwa kidole, mwanzo hadi mwisho. Halafu akaomba maji ya kunywa. Nikainuka kufuata kikombe.

"Humu humu," alisema.

Nikamimina taratibu.

"Sijawahi kuinywea," alisema. "Hata baada ya kupewa. Nilikuwa naifuta vumbi tu, nairudisha kabatini, kama bado ni ya watu."

Akanywa yote, maji yakimchuruzika kidevuni, akaninyoshea bilauri.

"Niongezee, mwanangu."