Pikipiki Iliyofuturisha Mtaa

Mwacheka kabla sijasema, na mna haki, maana hakuna mtu wa mtaa wetu hapa Amu asiyejua kuwa ni mimi niliyeiharibu saumu ya Bi Rehema, mama mkwe wangu, mwanamke ambaye hata homa haikuwahi kumfunguza.

Mimi ni fundi wa saa, na ugonjwa wangu ni kutaka kuona kilichomo ndani. Shemeji yangu Athmani alileta pikipiki ya mashindano kutoka Mombasa, akaiacha kwenye daka la mamake, huyo huyo Bi Rehema, pale ukumbini mlangoni, ingojee mashua ya kuipeleka Faza kwa mnunuzi (hapa ungeiendesha wapi, vichochoro vyenyewe punda wawili hawapishani). Bomba lake la moshi limepanuka mdomoni kama siwa, lile baragumu la harusini. Akaniambia fundi wa Mombasa ameichezea injini, sasa ina mbio kuliko ilivyotoka kiwandani. Ameichezea vipi? Swali hilo likaninyima raha.

Basi Ramadhani ile, alasiri imepita, mawingu yametanda, futari yanukia na muda hauendi, nikasema nifungue kifuniko nitazame tu. Nikaiona kamshafti, ule mtaimbo unaofungua na kufunga vali, gia yake ina nukta, na gia inayoizungusha ina nukta yake, na nukta zenyewe hazitazamani, zimepishana jino moja. Kwenye saa hilo ni kosa (haikunijia kwamba huenda jino hilo ndilo mbio zenyewe). Nikaichomoa, nikazikutanisha nukta, nikafunga, mikono imejaa oili na kichwa kimejaa sifa.

Sasa nikataka kujua imekuwaje, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Kumbe gia ile ile ndiyo inayopanga wakati wa cheche, nami nilikuwa nimeichelewesha, petroli ikaenda kuwakia ndani ya bomba, na siwa ile ikatoa mshindo mmoja uliotikisa daka zima.

Nikangoja kutukanwa. Badala yake nikasikia kutoka ndani, taratibu, "Bismillahi," kisha jirani wa juu naye, kisha kichochoro kizima kikanyamaza, kimya cha watu wenye tende kinywani. Walidhani ni mzinga wa kufuturu, ule upigwao jua likizama. Nikaingia mbio.

"Mama, si mzinga. Ni mimi. Yua haliyatwa."

Kweli jua lilikuwa halijachwa, lakini Bi Rehema alikuwa ameshameza. Akaweka kokwa kwenye sahani, akaitazama mikono yangu yenye oili. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mzinga wa kweli ulipolia baadaye, hakuna aliyethubutu kula.

Gia niliirudisha kwenye jino lake, na tangu hapo sifungui mashine isiyoletwa kwangu. Baada ya Idi mtaa ukailipa siku ile, nami nikafunga pamoja nao ingawa sikudaiwa. Lakini hadi leo, mzinga wa Ramadhani ukilia, Bi Rehema huishika tende yake akaniita.

"Hebu nione mikono yako, mwanangu."

Akishaiona safi, ndipo hula.