Mama Aligoma Kula Mpaka Apate Siagi ya Matufaha

Mwaka 1995 mama yangu alitaka kufa kwa njaa ndani ya nyumba iliyojaa chakula.

Sitii chumvi. Majirani wa Mji wa Kale walileta masinia mpaka tukakosa pa kuyaweka. Biriani ipo, mahamri yapo, mkate wa sinia upo. Yeye anageukia ukutani.

Naitwa Fadhiya. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, mtoto wa pekee, na hasira zangu zilikuwa puani. Wanaonijua watakwambia.

Baba yangu, Mzee Abdulghafur, alikuwa mpishi wa hoteli. Alianguka kazini Jumatatu asubuhi, na kufikia Alasiri tulikuwa tumeshamzika. Mama akavaa nyeupe, akaingia eda. Akawa kizuka, kama tusemavyo kwetu. Miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani.

Wiki ya kwanza hakula, nikasema ni huzuni. Wiki ya pili nikaanza kuogopa. Wiki ya tatu nikimshika mkono naona mifupa tu.

Daktari alikuja, akasema apelekwe hospitali akatiwe maji ya mshipa.

"Sitoki," mama akasema. "Mutanitoa nikiwa maiti."

Jirani yetu Bi Mwanaesha akamweleza kwamba dini inamruhusu kizuka mgonjwa kutoka. Mama akafumba macho. Bi Mwanaesha akanivuta ukumbini.

"Fadhiya, mamako yuwajiachilia huyu. Muulize roho yake yataka nini, hata kiwe cha angani."

Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamuuliza.

"Nataka ile siagi ya matufaha ya babako," akasema.

Hapo lazima nieleze. Kila Ijumaa baba alikuwa akija na chupa ya kitu kizito, cheusi cheusi, cha kupaka mkate. Akikiita siagi ya matufaha, ingawa hakikuwa na siagi hata tone. Kilinukia mdalasini na iliki. Nilichukulia amekipika mwenyewe huko hotelini kwake.

Na chupa ya mwisho ilikuwa imekwisha kabla hajafa.

Nikasema, kwani kazi? Mimi ni mtoto wa mpishi. Nikakimbia Marikiti, nikapata matufaha ya bara, yale madogo ya kijani, kwa muuzaji mmoja anayeitwa Kaingu.

Nikayamenya, nikayatia sufuriani na maji na sukari nyeupe. Kitu cha Kizungu, nikafikiri, kitataka sukari nyeupe. Nikatia mdalasini. Nikatia karafuu kwa kiganja, kama ninayepika pilau la harusi.

Kikatoka kama dawa ya kikohozi. Mama akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Sicho."

Mara ya pili nikazidisha moto. Kikaungua chini, juu kikabaki maji. Mama alinusa tu.

"Sicho, mwanangu."

Mara ya tatu nilikoroga kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, mkono umekufa ganzi. Safari hii hata kijiko hakuweza kukishika. Kilimtoka kikaanguka kwenye shuka.

Nilirudi jikoni nikakaa sakafuni, nikalia kwa sauti mpaka makamasi. Nimemzika baba, sasa namzika mama, na kinachonishinda ni matunda! Nilimkasirikia hata yeye. Nilisema moyoni, huyu mwanamke ananitesa makusudi. Mungu anisamehe.

Kesho yake nikarudi kwa Kaingu mara ya nne. Akanitazama.

"Dada, haya matufaha wayafanya nini? Maanake hapa mimi nina mteja mmoja tu wa kuchukua mengi hivi. Mzee Abdulghafur. Na siku hizi simuoni."

"Ni babangu. Amefariki."

Kaingu akaweka mkono kifuani, akanipa pole. Kisha akasema, kwa nia safi kabisa, "Basi na kule Tudor wamejua? Maanake mimi kila Alhamisi nikimpelekea mzigo kule nyumbani kwake."

Nyumbani kwake. Tudor.

Nikamwambia anielekeze, na sijui hata niliulizaje. Nikabeba kikapu changu cha matufaha nikaenda Tudor kwa miguu, jua la saa sita, buibui limeloa jasho. Njia nzima nilipanga maneno ya kumtukana huyo mtu.

Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya maghorofa. Nikapiga hodi kwa ngumi.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amekonda uso, amevaa nyeupe kutoka kichwani mpaka miguuni.

Kizuka.

Na chini ya ile nyeupe, tumbo kubwa la miezi saba.

Maneno yangu yote ya matusi yakaniishia. Kwa sababu nilimjua. Siku ya mazishi alikuja kwetu, amejifunga leso, analia kwa sauti mlangoni. Mimi mwenyewe nilimshika mkono nikamtoa. Nikamwambia, "Hapa hatulii kwa mayowe, enda kwenu." Nilidhani ni mtu tu wa kupenda misiba.

"Karibu, Fadhiya," akasema. Jina langu analijua.

Aliitwa Naomi. Mtu wa Kaloleni, alikuwa akiosha vyombo jikoni hotelini kwa baba. Alisilimu, wakafunga ndoa mbele ya mashahidi, miaka minne sasa. Watu wake walimkasirikia kwa kusilimu. Wetu hawakuwa na habari. Kwa hiyo alikaa eda peke yake, na chakula kilikuwa kinamwishia. Niliona kibakuli cha uji mwepesi, basi.

Nilitaka kuondoka. Wallahi nilitaka. Lakini nikamkumbuka mama na kile kijiko.

"Mamangu hali," nikamwambia. "Yuwafa. Ataka siagi ya matufaha. Nakuomba."

Hakuniuliza nilimtoa mlangoni kwa nini. Aliangalia kikapu changu, akasema, "Washa jiko."

"Nimenye?"

"Usimenye. Ganda ndilo laishikisha."

Hakutia maji. Aliyakata, akayaweka kwenye chungu juu ya makaa machache, yakatoa maji yao wenyewe. Yalipolainika tukayachuja kwa kuyaponda kwenye chekecheke. Kisha akatia sukari guru. Mdalasini, iliki, na karafuu tatu tu, zimefungwa kitambaani ili zitolewe.

"Nimefundishwa na mama mmoja wa misheni," akasema. "Sukari guru ndiyo yangu. Mzee aliipenda hivyo."

Nikakoroga. Saa tatu nzima nikakoroga, na kila dakika naona mama anakata roho nami niko kwa mke mwenzake nimeshika mwiko. Nikimwambia "imeiva", anadondosha tone kwenye sahani, maji yanachuruzika pembeni.

"Bado."

"Mamangu hana muda, we!"

"Ukiitoa sasa ataijua. Koroga."

Mwishowe tone likakaa juu ya sahani bila kutoa maji. Akajaza chupa. Nikakimbia.

Nilimkuta Bi Mwanaesha anamsomea Yasini. Nikafungua chupa, nikampaka mama kidogo kwenye mdomo.

Akalamba. Akafungua macho.

"Ndicho," akasema. Machozi yakamtoka. "Umefika kwake?"

"Kwa nani, mama?"

"Fadhiya. Babako alikuwa mpishi wa samaki na nyama. Hata chai ya maziwa ikimshinda. Nilijua ni mkono wa mwanamke tangu chupa ya kwanza." Akapumua. "Amekaa eda?"

"Amekaa."

"Ana nani?"

"Peke yake."

Mama akaniambia kwamba siku ile ya mazishi aliniona ninavyomtoa yule mwanamke. Aliliona na tumbo, akajua ndiye mwenye zile chupa. Wivu ukamziba kinywa, akanyamaza. Tangu siku hiyo kila tonge alilotia mdomoni lilimkwama kooni. Angekulaje, na mtoto wa mumewe yuko kwenye tumbo lenye njaa?

"Sasa si ungeniambia!" nikapiga kelele. "Mimi nimepika siku ngapi!"

"Ningekwambia kamtafute mke mwenzangu, ungekwenda?"

Nikafikiri.

"Nisingekwenda."

"Basi."

Alikataa tonge la pili mpaka nilipofunga sinia zima nikalipeleka Tudor, nikarudi, nikamwapia kwamba Naomi amekula mbele yangu. Ndipo akala. Mkate mmoja na siagi, taratibu, mpaka ukaisha.

Toka hapo ikawa ndiyo kazi yangu. Adhuhuri chungu kimoja, nusu ya kizuka wa Mji wa Kale, nusu ya kizuka wa Tudor. Hawakuweza kuonana, kila mmoja amefungwa na eda yake. Walisalimiana kupitia kwangu.

Naomi alijifungua mama akiwa amebakisha mwezi na nusu wa eda. Mwenye mimba eda yake huisha akijifungua, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa huru kwanza.

Niliporudi na habari kwamba ni mvulana, mama aliuliza kitu kimoja tu.

"Nani atamkanda?"

Mzazi kwetu hulelewa siku arubaini. Akandwe kwa maji ya moto, afungwe tumbo, apikiwe. Naomi hakuwa na mama wala dada wa kumfanyia hayo.

"Mlete," mama akasema. "Arubaini yake ni hapa."

Siku ya saba nikamleta. Mama, aliyeshindwa hata na kijiko, akakunja mikono ya nguo yake nyeupe, akachota maji ya moto, akamkanda mke mwenzake mgongo. Wote wawili walilia. Mimi nilimshika ndugu yangu, naogopa kumwangusha.

Ndugu zangu, mtu wako akikataa kula, usishughulike na sufuria peke yake. Muulize ni nani anayemkosesha hamu ya kula. Na jawabu likiwa ni mtu uliyemfukuza wewe mwenyewe, vaa viatu uende ukapige hodi kwake.