Mawe ya Chokaa kwenye Njia ya Baiskeli

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka minne kabla ya korona, nilikabidhiwa msumeno nikaambiwa nikate miti. Mimi ni Msomali wa Isiolo. Kwetu anayekata miti hovyo huitwa kwa chifu. Hapa Birmingham ndiyo ilikuwa kazi yenyewe: kukata miche ya birch, mti unaoenea upesi, kabla mbuga haijawa msitu. Waendesha baiskeli walipita wakinitukana, nami nimeinama nakata.

Mkuu wa Walinzi wa Mbuga, mama mfupi asiyevua buti za mpira, ndiye aliyenifafanulia. "Abdi, mbuga hii haikujiotea. Ni kazi ya watu." Kwa karne nyingi wanakijiji walilisha mifugo hapo na kukata vichaka vya miiba vya kuwashia tanuri, udongo ukachoka ukawa mchachu. Kwenye udongo huo duni ndipo inapoota heather, kichaka kifupi chenye maua ya zambarau. Ukiurutubisha udongo, umeiua. Nilimwelewa upesi, maana nimechunga mbuzi.

Mama huyo alipohamishwa tukaletewa Msimamizi wa Njia, mtu aliyeijua ardhi kwa ramani tu. Akaagiza njia ya baiskeli inayokatiza mbugani imwagwe mawe ya chokaa, badala ya kokoto za pale pale tulizozoea.

"Bosi," nikamwambia, "chokaa itaondoa uchachu. Mvua ikinyesha itachuruzika pembeni, nyasi ziote, heather ife."

"Abdi, haya ni mawe tu. Baiskeli zinakwama kwenye tope."

Nilikasirika. Singh, dereva wetu wa lori, Kalasinga wa Kisumu, akanivuta kando. "Wacha maneno, ndugu yangu. Boss ameshasign. Wewe spread tu, twende home."

Nikashika beleshi. Kwa siku tatu nilimwaga mawe yale kutoka geti hadi bwawani, nikinung'unika kama mzee aliyenyimwa chai.

Sikio la kufa halisikii dawa. Baada ya misimu michache, kingo zote za njia zilijaa nyasi ndefu na majani yanayowasha. Wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, Msimamizi akanituma nichimbe mashimo ya nguzo za kibao kipya cha historia ya mbuga. Kilikuwa na picha nzuri ya heather, na maandishi ya kumwambia mwendesha baiskeli atazame pande zote mbili.

Msimamizi akatazama pande zote mbili. "Abdi, heather iko wapi?"

"Yaulize mawe yako," nikamjibu. Singh akaangua kicheko. Mimi sikuweza kucheka.

Siku hizi napita pale kwa baiskeli nikitoka nyumbani Perry Barr, na vijana wanaofanya kazi yangu hunisimamisha kuniomba ushauri. Nawaambia bosi akikosea mkatalieni, na akirudia agizo mkatalieni tena. Mimi nilikataa mara moja, kisha nikashika beleshi.