Dawa ya Kichwa Tuliyonyweshwa Machimboni

Kaka yangu Rwezaura, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, aliniinamia akaniamkia shikamoo. Kisha akaniuliza natoka ukoo gani.

Hakuwa amelewa. Hakuwa na homa. Wala hakuwa anatania.

Ilikuwa mwaka 1951, machimbo ya bati huku Kyerwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Leo nina tisini na tatu, mjukuu wangu ndiye anayeandika, na nimemkataza asilainishe neno.

Nina hasira. Juzi huyu huyu mjukuu kaniambia bosi wao anawagawia vidonge vya mitishamba vya kutuliza akili, ili wafanye kazi bila likizo. Eti ni bosi mzuri.

Nikatema mate.

Sikilizeni basi.

Nyapara wetu aliitwa Melkiory. Mtu hovyo kabisa. Ukichelewesha karai la mchanga wa bati kufika mtoni kuoshwa, anakutukania mama yako mbele ya watu na chakula hupati. Miaka mitatu Rwezaura aliamka na filimbi yake, akalala na matusi yake. Mwisho hata usingizi ukamkimbia. Akaanza kusahau alikoweka sururu, akasahau jina la mkewe Natukunda, halafu akanisahau mimi.

Nikampeleka Bugomora kwa Mama Placidia, mganga wa mitishamba, Mkatoliki safi, rozari shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu hajarogwa," akasema kabla hata sijakaa. "Huyu kachoshwa. Hofu ya kila siku inaumaliza ubongo."

Akakamua majani ya omubirizi pamoja na mizizi asiyonitajia. Maji yakatoka ya kijani, machungu balaa.

"Akishakunywa, siku tatu asikanyage umande," akasema. "Akae ndani, ale, alale, asifokewe na mtu. Kila mwezi mrudie hivyo hivyo."

Siku ya tatu Rwezaura alinitazama vizuri.

"We mbwa, mbona umekonda hivyo?"

Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Akarudi kazini. Mtu aliyekuwa anapotea njia ya mtoni sasa anapasua mawe kuliko vijana. Melkiory akanivuta pembeni.

"Mmempa nini?"

"Dawa ya Bugomora."

Wiki haikuisha, pipa zima likawekwa kwenye lango la kambi. Kila alfajiri filimbi, foleni, kikombe kimoja kimoja. Siku ya mapumziko hakuna. Kisha tukaongezewa saa mbili za kazi.

"Dawa mmekunywa, mnalalamika nini?" anasema Melkiory, anacheka.

Na kweli ilisaidia, hapo ndipo paniumapo. Miezi miwili watu walistahimili, na kwa kuwa walistahimili, wakabebeshwa zaidi.

Mwezi wa tatu Rwezaura alikaa chini katikati ya mto, karai mapajani. Melkiory akamfokea mpaka sauti ikakauka. Kaka yangu akawa anacheka tu. Safari hii akili yake haikurudi. Natukunda alimlisha kwa mkono miaka ishirini na minane.

Nikaenda Bugomora nimefura.

"Mama, dawa yako ni uongo."

Placidia hakukasirika. "Walipumzika zile siku tatu?"

"Hapana."

"Basi walikunywa nusu ya dawa. Siku nilipokupa yale magunia ya majani na mizizi, nilikuagiza umwambie nyapara kwamba kila anayekunywa apumzishwe. Ulimwambia?"

"Nilimwambia, akakataa."

Nilidanganya.

Sikumwambia. Magunia niliyabeba mimi, kwa mgongo wangu, kwa sababu Melkiory aliniahidi unyapara mdogo nikimletea dawa. Nilijua akisikia siku tatu za kulala atanifukuza na majani yangu. Nikanyamaza. Nikapewa koti la kaki, na foleni ile ya alfajiri niliisimamia mimi. Kikombe cha Rwezaura nilikuwa namjazia mwenyewe.

Natukunda alikufa akimlaani Melkiory. Sikumsahihisha. Nami nimemchukia Melkiory miaka zaidi ya sabini, kwa sababu kumchukia yeye ni rahisi.

Mjukuu wangu, na ninyi mnaosoma: mtu akikupa dawa ya kustahimili mzigo wake, mwulize ameupunguza kiasi gani. Akibabaika, mwaga hiyo dawa.

Na wewe unayewagawia wenzako kikombe huku ukijua ulichowaficha, kaka yako naye yumo kwenye foleni.