Yaya Juu ya Plafo

Wakati wapiganaji walishika Bunia, yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, aliishi juu ya plafo, dari ya nyumba yetu, mutaa wa Saio, katikati ya mbao na manjanja ya paa. Walimutafuta kwa jina: walimupa bunduki kwa nguvu, akaitupa, akakimbia. Na siye, wajinga, tukajiongezea matata. Jirani aliuliza mutoto iko wapi, mama akajibu haraka, "Walimuua kwa njia ya Mahagi." Basi! Mbele jua halijazama, watu walishafika na viti na kuni. Nani anafukuza watu ya kilio? Tukakalia matanga, tukanyoa vichwa, na mwenyewe iko juu anasikiliza vile wanamulilia.

Koko, mama ya mama yetu, hatukumuambia kweli. Kila kitu koko anajua, anakiambia Mungu kwa sauti ya kufika barabarani. Alilia mpaka nikamuchukia mama. Kisha ya matanga, koko akatutangulia kwenye kambi ya wakimbizi, pembeni ya uwanja wa ndege.

Yaya alikuwa na radio kidogo ya kuweka kwa sikio. Mvua ikipiga manjanja tuliweza kuongea, na alinielezea kipindi kimoja: watu wanaoishi ndani ya chombo kinachozunguka dunia. Hewa yao ni ya kutengenezwa, wanalala wamejifunga wasielee. Miguu haibebi kitu, basi mifupa inalegea. Wakirudi wanabebwa kama watoto.

"Ndiyo maana wanafanya mazoezi kila siku," alisema. "Miye pia."

"Weye mutu wa anga ya Saio!" nikamucheka. Lakini niliogopa sana. Siku njia ikifunguka, miguu ikikataa, watamukamata pale pale.

Kila mvua alisukuma mbao na nyayo, vumbi ikatuangukia kwa chakula. Kidogo kidogo akabadilika. Alituita "ninyi wa dunia." Nikimuuliza neno, jibu ilikawia, kama maneno inatoka mbali. Mukono uliopokea sahani ulikuwa mweupe, na siku moja niliugusa nikaona baridi, nikakimbia nje. Aibu gani! Ndugu yangu wa tumbo moja.

Asubuhi moja wapiganaji wakahama mutaa. Tukamushusha. Magoti ikakunjika, ikatetemeka, kisha ikasimama. Ee Mungu, nilishangilia! Tulitembea mpaka kambini, yeye macho chini, ameshika kikwembe yangu ya kiunoni, anasema anga ni kubwa mno. Watu waliokalia matanga yake walituona. Hakuna aliyesalimia. Mama mumoja alifanya ishara ya musalaba, akafunga mulango.

Koko alikuwa anachagua maharagi. Mama akapiga magoti, akamuelezea yote: uongo, plafo, radio. Yaya akainama. Koko akamupapasa uso, mabega, akashuka mpaka magoti, polepole, kama mutu anayepima nguo ya mutoto mwengine.

"Anafanana naye sana," akasema. "Lakini wangu nilishamulia, nikamumaliza."

Akafuta kiti na kikwembe yake. "Karibu, mugeni. Ikala."

Nilimukazia yaya macho. Sema, nikawaza, sema ni weye! Jibu ilikawia, vile ilizoea kukawia.

"Asante, mama," akasema, akaikala.